Kwa Moraa, Anayesema "Mimi" Kabla ya Wengine

...na lile swali la maharagwe bado sijaridhika nalo, Moraa. Ulicheka, ukayakusanya kwa kiganja ukayamimina sufuriani, na mimi nikacheka pia ili chakula kipikwe. Lakini tangu jana linanizunguka kichwani. Umeenda Mogogosiek kumuaga mama yako mdogo na hutarudi mpaka gari la saa kumi na moja, basi nimekaa mezani niandike yale ambayo ukiwa mbele yangu huwa nayageuza mzaha. Mambo ya sanduku, viatu na blanketi sitayagusa. Hayo unayajua kuliko mimi.

Ulikuwa unanieleza kazi unayoenda kujifunza Nairobi, na ulijitahidi kunirahisishia. Ulisema kwamba ndani ya kompyuta kuna programu, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya mashine, na kwamba yule mwalimu wenu aliyesoma ng'ambo hataki programu moja kubwa inayoziamuru nyingine zote. Anataka programu ndogo nyingi, kila moja na uwezo wake, zigawane kazi zenyewe. Kazi inatangazwa. Kila programu inajibu kama inaiweza na kama ina nafasi. Inayofaa zaidi inaichukua. Ukapanga maharagwe kwenye meza, ukaweka punje ya mahindi katikati iwe ndiyo kazi, na macho yako yaling'aa hata nikasahau kuchambua mawe.

Ndipo nikauliza: na ile programu ambayo kila kazi ikitangazwa inasema mimi?

"Hiyo ndiyo nzuri, mama," ulisema. "Tutaipa mpaka ikatae."

"Na kama haijui kukataa?"

Ukacheka. Mimi sikuwa nauliza habari za mashine, mwanangu.

Ngoja nianze na furaha, kwa sababu nikianza na uchungu nitashindwa kufika mwisho. Nina furaha. Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa mara ya pili wiki kumi na moja zilizopita, na nikisikia lori la Zakaria likibadilisha gia pale kwenye mteremko wa kituo cha majani ya chai, moyo wangu unaruka kama wa msichana wa kidato cha kwanza. Umeona anavyovua kofia kabla ya kuingia jikoni, kana kwamba ni kanisa. Umeona anavyonisubiri ninywe chai kwanza. Asubuhi ya baridi huwa anaviweka viatu vyangu karibu na moto, halafu anajifanya hajui ni nani aliyeviweka. Akiimba besi Jumapili, mimi sisikii wanakwaya wengine, Mungu anisamehe. Nilidhani mambo haya yalizikwa pamoja na baba yako. Kumbe yalikuwa yamelala tu.

Nimeyaandika hayo kisha nikasimama kidogo mlangoni, kwa sababu najua yanakuumaje. Hujawahi kumkosea adabu Zakaria hata siku moja. Unamwita Mzee, unampa maji ya kunawa, unacheka mizaha yake. Lakini nimekuona ukinitazama ninapocheka naye, na sijui usoni mwako mnaandikwa nini. Nimeogopa kukuuliza. Nimeogopa utasema: mama, furaha hii ilikuwa wapi nilipoihitaji?

Ungekuwa na haki ya kusema hivyo. Nitafika huko.

Unakumbuka kundi letu la kuchuma majani lilivyoanza. Tulikuwa wanawake wanane, wanne sisi Wakisii tuliohamia upande huu wa Sotik, wanne Wakipsigis, majirani zetu. Kwetu kazi ya kusaidiana kwa zamu inaitwa egesangio, nao wana neno lao. Jambo ni lilelile: leo shamba lako, kesho langu. Sita kati yetu tulikuwa tumewahi kuchuma kwenye mashamba makubwa, chini ya nyapara anayetembea kati ya safu na fimbo kwapani. Tuliapa kwamba kwetu hakutakuwa na nyapara. Asubuhi mwenye shamba anasimama penye umande na kutaja kazi: kuna safu za juu, kuna safu za bondeni, kuna uji, kuna watoto, kuna kubeba majani mpaka kituoni kabla ya lori la saa tisa. Halafu ananyamaza. Hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole. Kila mmoja anasema mimi kwa kazi anayoiweza.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Siku moja wawili walisema mimi kwa uji, kila mmoja upande wake wa shamba, na hakuna aliyesema mimi kwa kubeba. Saa nane na nusu tulikuwa na sufuria mbili za uji na vikapu vinane vya majani yaliyoanza kupata moto na kuwa mekundu. Nyaboke, unaujua mdomo wake, alituambia tumpelekee karani wa kituo uji aupime. Ulinieleza kwamba hata programu zenu hufanya hivyo, mbili kurukia kazi moja na nyingine kuachwa, nikafurahi sana, nikajiona na mimi ni mtaalamu. Tulijifunza kusema kwa sauti kubwa na kungoja kusikia kama mwingine amesema. Baada ya hapo kundi lilikwenda vizuri hata wanaume wakaja kutuuliza siri yetu.

Siri ilikuwa Mama Chebet. Hilo hatukuwaambia, kwa sababu hata sisi hatukuwa tunalijua.

Kazi ya kubeba ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kile kilima cha kituoni unakijua, na mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni. Kila ilipotajwa, kulikuwa na kimya kidogo, halafu Mama Chebet anasema mimi. Aliisema kwa wepesi, hata kwa kicheko. Sisi tukaona ana nguvu. Tukaona anapenda. Kile kimya kidogo kikawa kifupi, halafu kikaisha kabisa, tukawa tunamtazama tu yeye kazi ikitajwa. Miezi ikaenda. Siku ya pili baada ya ile mvua ya mawe iliyopasua majani, alibeba safari tatu. Ya nne alikaa chini kando ya njia akashika tumbo. Tulipomfikia, sketi ilikuwa imelowa damu. Alikuwa na mimba ya miezi minne na hakuna aliyejua.

Nilikwenda kumwona na unga na mkate wa sukari, nikafanya kosa la kumlaumu kwa upole. Nikamwambia, dada, kwa nini hukutuambia? Alikuwa amelala ameelekea ukuta. Hakugeuka.

"Nyinyi mliuliza nani atabeba," alisema. "Hakuna mtu aliuliza mimi nimebeba nini."

Nimebeba sentensi hiyo miaka sita. Kundi lilipokutana tena, mimi ndiye niliyesimama na kusema tubadilishe. Nilisema kabla mtu hajasema mimi, kwanza aseme ana nini tayari mgongoni: mtoto anaharisha, goti limevimba, sikulala, nina mimba, mume amekunywa. Wengine waliona aibu. Nyaboke akasema sasa kuchuma majani kumekuwa kuungama. Lakini walikubali, na mpaka leo tunafanya hivyo kila asubuhi, na Mama Chebet huwa wa kwanza kuzungumza. Watu walinisifu. Nilirudi nyumbani nikijiona mwanamke mwenye busara.

Na nyumbani, Moraa, ulikuwa jikoni unasonga ugali na kitabu chako kimefunguliwa juu ya debe la unga.

Baba yako alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya hapo. Najua unaikumbuka miezi ile, lakini sijui unaikumbuka vipi, maana hatujawahi kuizungumza. Mimi naikumbuka dari. Nililala nikihesabu mabati. Asubuhi nilikuwa nikisema kutoka kitandani: nani atakamua? Nani atamwogesha Onchiri? Nani atapeleka majani? Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mimi nilikuwa nimelala, na ndugu yako alikuwa na miaka saba. Niliuliza nani, nikijua jibu ni mmoja tu. Mtu akiuliza hivyo, hilo si swali. Ni amri iliyovaa nguo nzuri. Nyapara wa shamba kubwa alikuwa mkweli kuliko mimi, maana yeye angalau alikutaja kwa jina na ungeweza kumchukia.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu na ulisema mimi kila mara. Hata nilipoinuka kitandani, hata niliporudi kuchuma, hata nilipotunga ile sheria yangu nzuri ya wanawake wanane, uliendelea kusema mimi, na niliendelea kukuacha. Niliwaambia watu: Moraa hana shida, Moraa ni mwepesi. Nilijivunia wepesi wako. Sikuwahi kukuuliza una nini mgongoni.

Sasa lile ninalopaswa kusema. Nimesimama tena mlangoni, nimerudi.

Uliacha shule mwaka ule wa kufiwa. Nilikuambia nafasi yako ya kidato cha kwanza imekwenda kwa mtu mwingine kwa sababu tulichelewa kujibu, na kwamba ni mambo ya Mungu. Ulisema sawa, mama. Ukaenda kukamua. Nafasi haikwenda yenyewe. Mwalimu mkuu aliandika barua kunipa pole kwa kufiwa, akasema atakushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba nitume neno moja tu. Niliisoma, nikaiweka ndani ya sanduku la nguo za baba yako. Nilijiambia nitajibu kesho. Nilijiambia hivyo siku ishirini. Haikuwa kusahau. Niliogopa nyumba bila wewe. Ulianza kidato cha kwanza mwaka uliofuata, shule nyingine, mbali zaidi, ukiwa mkubwa kuliko wenzako, na waliokucheka kwa ajili hiyo walikuwa wanacheka dhambi yangu.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nakufahamu: utasema sawa, mama, kabla sijamaliza. Usiseme. Kaa nalo, likuudhi. Hata ukinikasirikia mwaka mzima nitajua angalau safari hii hukujitolea kubeba na hili.

Kwa nini nakuambia leo? Kwa sababu juzi barua yako nyingine iliingia mikononi mwangu.

Alhamisi ulimpa Zakaria barua aiposti Sotik. Ulimwomba asiniambie. Maskini, ulimpa mzigo mtu ambaye hajui hata kununua sukari kwa siri. Ijumaa hakula. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nilimwuliza kama nimemkosea, akaniambia mimi siwezi kumkosea, kisha akaenda nje kuangalia magurudumu ya lori ambalo halikuwepo. Aliporudi aliiweka bahasha mezani, imefungwa vilevile, stempu yake juu. Hakuifungua wala mimi sijaifungua. Akaniambia ulichomwambia: kwamba unaomba wale wa Nairobi wampe mwingine nafasi yako, wewe usubiri wakati mwingine, kwa sababu mama ana mimba na hakuna wa kumbebea.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyopata habari kwamba atakuwa baba. Kutoka kwako, kando ya lori, na injini inanguruma.

Nilicheka na kulia pamoja. Yeye alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaivaa, akaivua. "Yunia," alisema, "mtoto wako amejua, mimi ninalala kando yako sijui." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Ndiyo, Moraa. Ni kweli. Ulijua kwa sababu nilikataa chai mara tatu, nawe unanisoma kama kitabu. Nina furaha mpaka naogopa kuigusa. Na naogopa kweli: kati yako na Onchiri nilipoteza wawili, na sasa mimi si kijana. Nilinyamaza nikijiambia nangoja mpaka mimba ishike. Mimi niliyetunga sheria ya kusema mtu ana nini mgongoni, wiki nzima nilisimama kwenye umande na wenzangu wakitaja magoti yao na watoto wao, nami nikasema sina kitu, na nikabeba kapu langu kilimani mbele ya macho ya Mama Chebet. Kimya changu kilikufundisha kwamba hakuna mwingine, na ukaandika barua.

Jana asubuhi nilisema. Zilipotajwa kazi nikasema nina mimba, ni ya miezi miwili na nusu, na ninaogopa. Sauti ilinitoka vibaya. Nyaboke akasema alishajua, kwamba bibi harusi wa miaka arobaini anayetapika si malaria, na wakacheka wote. Mama Chebet hakucheka. Alikuja nyuma yangu akalegeza kamba ya kapu, akalivua mgongoni kwangu kama mtu anayemvua mtoto koti. "Wewe pika uji," aliniambia. "Ya kubeba tutazunguka, kila mtu siku yake." Hakuna aliyewapangia. Kufika saa tatu walikuwa wameshagawana wiki mbili za mbele, na mimi nilikuwa nakoroga uji kwa machozi.

Nyumbani, tulipotoka kanisani leo na wewe umeondoka, tulikaa watatu. Sikuuliza nani. Nilisema mimi siwezi hiki na hiki. Zakaria akasema atakamua alfajiri kabla ya lori. Ng'ombe atamzoea, ingawa yeye anamwogopa ng'ombe kuliko nilivyofikiri mwanamume anaweza. Onchiri alichukua maji na kuni. Alinung'unika sana, na kunung'unika kwake kulinifurahisha. Wewe hukuwahi kunung'unika, na ningepaswa kushtuka tangu wakati ule. Kazi ya kufua nguo hakuna aliyeitaka. Tumeiacha wazi. Labda tutakuwa wachafu kidogo. Tutazoea.

Kwa hiyo usikae kwa sababu hakuna wa kubeba. Wapo. Labda vibaya, labda ng'ombe atapunguza maziwa, lakini wapo.

Barua yako nimeiambatanisha hapa. Ijumaa nilishika kibiriti, sitakuficha. Nilifikiri: niichome, Jumatatu apande basi, atanishukuru baadaye. Mkono wangu uliijua njia hiyo, maana umeshawahi kuipita. Ningekuwa nimeificha barua ya pili ya maisha yako, safari hii kwa ajili yako, na ile ya kwanza pia nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Chukua. Stempu bado ni nzuri. Basi linasimama Sotik dakika kumi na sanduku la posta liko mbele ya duka la pembeni. Unaweza kuitumbukiza ukarudi nyumbani na sitasema neno, nitakupokea mlangoni. Lakini ukiituma, iwe kwa sababu wewe Moraa hutaki kwenda. Isiwe kwa sababu mtu alitaja kazi na wewe hukuvumilia ule ukimya.

Uvumilie, mwanangu. Ndilo neno langu moja tu la Nairobi. Kazi ikitajwa kati ya wenzako, hesabu polepole kabla ya kufungua mdomo. Utaona jinsi kimya kinavyouma. Utaona pia kwamba mtu mwingine, akipewa nafasi, husema mimi. Na siku ambayo kweli unaitaka kazi, iseme kwa nguvu zote ulizokuwa nazo usoni jana ulipopanga yale maharagwe. Sijawahi kukuona na uso ule ukikamua ng'ombe.

Nasikia Onchiri anatupa kuni nje kwa hasira ya makusudi ili nisikie. Jua limeshuka nyuma ya michai na utafika sasa hivi. Nitakupa hii baada ya chakula, kisha nitaenda kulala mapema nisione uso wako unapoisoma. Ni woga, nimekubali.

Ukipanda basi, na nisipoiona sura yako mlangoni kesho jioni, basi jua hili: nesi wa zahanati amesema naweza kusafiri mradi nisibebe kitu, na Zakaria ameshamwomba mwenzake amshikie lori siku tatu. Tutakuja kukuona kabla mwezi huu haujaisha. Usipike, usifue, usiombe ruhusa kazini kwa ajili yetu. Tutangoja nje ya lango mpaka utoke, hata ukichelewa, na ukitoka umechoka sana huna la kusema, tutatembea nawe tu.

Mama yako,
Yunia Kerubo